Winchi ya Mwali

Nilitapika matangani kwa baba yangu mdogo, na watu wakasema ni uchungu.

Ilikuwa siku ya tatu. Wanawake tumekaa mkekani upande wetu, na kule kwa wanaume kuna mtu kashika kipaza sauti anamsifu marehemu. Akasema Mzee Mfaume alikuwa mtu wa watu. Akasema alichukua yatima wa kaka yake, akamlea, akamfunda, akamwoza kwa heshima zote, asimbague na watoto wa tumbo lake. Yatima anayesemwa ni mimi. Mkononi nina sahani ya wali, na punje nilizokuwa nimemeza zikaanza kurudi zenyewe. Nikainuka, nikazunguka nyuma ya jiko, nikatapika mpaka nyongo ikaja, ile ya kijani, chungu kama mwarobaini. Jirani mmoja akanifuata na kopo la maji, akawa ananipapasa mgongo.

"Pole mwanangu. Ulimpenda sana baba yako."

Nikasukutua, nikatema. Ningemwambia nini, na mtu hata udongo wake haujakauka?

Sasa arobaini imepita, naweza kusema. Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda msinicheke, yalipindishwa na watu na nitawataja. Nawaandikia nyie wa rika langu, mliokuwa mkianika betri juani zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya jioni. Watoto wetu ukiwaambia betri ilikuwa inaanikwa kama dagaa, wanatazamana.

Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa redio hapa kwetu, kijiji cha barabarani, mwendo wa baiskeli kutoka Kibiti. Kibanda chake kilikuwa na harufu ambayo hata leo nikipita kwa mafundi wa simu inanisimamisha njiani, ile harufu ya risasi ikiyeyuka juu ya waya, na moshi wake mwembamba unaokwaruza pua. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee. Mama alikwisha achika, kaolewa kwingine huko Ngorongo, kwa hiyo nilishinda chini ya meza ya fundi. Baba aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama, shika hapa. Mota haina akili, akili ni ya waya. Ukiugeuza waya, nayo inageuka."

Akanionyesha. Mota ndogo ya redio kaseti, waya mbili, betri mbili. Inazunguka huku. Anabadilisha waya, inazunguka kule. Halafu akafunga gurudumu dogo kwenye mota, akalivisha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, mpira ukaenda kuzungusha gurudumu kubwa. Lile kubwa likawa linatambaa polepole kama mzee anayetoka msikitini.

"Limechoka?" nikamuuliza.

"Lishike ulizuie."

Nikalishika. Likanivuta kidole.

"Mbio zake tumezigeuza nguvu," akasema. "Ukitaka kubeba mzigo usitafute mbio."

Siku moja akanipakia kwenye baiskeli hadi kivukoni. Daraja lilikuwa bado, watu na magari vinavuka kwa pantoni. Lori la boriti za mikoko lilikuwa limeteleza kwenye ukingo likalala matopeni, na winchi ililetwa kutoka Dar es Salaam kulitoa. Tulisimama pale asubuhi mpaka adhuhuri. Nilidhani dereva wa winchi atakuwa jitu. Kumbe mtu mwembamba tu, kakaa kwenye kibanda chake anatafuna muwa, anasukuma vyuma viwili kwa vidole, na lori zima linatoka topeni likichuruzika.

"Baba, ana nguvu kiasi gani yule?"

"Hana nguvu hata kidogo. Kajua pa kushika."

Baba alikufa kwa homa mwaka uliofuata, siku nne tu za kuumwa. Ndugu waligawana baiskeli, koti, na meza ya ufundi. Boksi la vyuma chakavu hakuna aliyelitaka, wakaniachia. Mota za kaseti saba, waya wa rangi zote, magurudumu, sumaku, parafujo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Nikahamia kwa Mfaume, baba mdogo, na boksi langu kichwani.

Nilikuwa nasoma vizuri. Sijisifu, wakati huo ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho. Mwalimu wa hesabu alizoea kunitoa mbele niwafundishe wavulana. Nia yangu ilikuwa moja: nifanye mtihani wa darasa la saba, nichaguliwe, halafu nitafute shule yoyote wanayofundisha umeme. Hilo Mfaume alilijua, nilimwambia mwenyewe. Alicheka akasema inshallah.

Nilivunja ungo darasa la sita likiwa linaisha, siku chache kabla ya kufunga shule. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Hatoki uani mchana, haonwi na mwanamume, anapakwa liwa, analishwa anenepe, na kungwi anakaa naye kumfunda mambo ya utu uzima. Zamani mwali alikaa ndani hata mwaka na zaidi, mpaka aolewe. Zama zetu, kwa wenye watoto wa shule, ilikuwa likizo moja basi, shule ikifunguliwa anatolewa, anachezwa ngoma, anarudi darasani. Rafiki zangu wawili walikwisha ingia na kutoka hivyo. Kwa hiyo sikuogopa. Niliingia ndani na boksi langu nikiamini ni mwezi mmoja na nusu.

Kungwi wangu alikuwa Bi Tatu, dada yake Mfaume. Na yeye namtaja, japo kwa huyu mkono unakuwa mzito, kwa kuwa alinilisha kwa mkono wake na usiku alilala mlangoni kwangu nisiogope. Chumba kilikuwa cha uani, kiza, kidirisha chake kidogo kama mlango wa kuku, kimezibwa kwa fito. Ukiweka jicho kwenye fito unauona uwanja wa uani, jiko, na mbuzi. Kulinuka liwa iliyochacha, mkojo wa mbuzi, na uji wa mchele nilionyweshwa mpaka nikawa nateuka uji. Siku ya nne nilikuwa nataka kulia kwa kukosa kazi. Siku ya tano nikafungua boksi.

"Unafanya nini, mwali?" Bi Tatu akauliza.

"Natengeneza winchi."

"Mwali hatengenezi winchi. Mwali anasuka ukili."

"Ukili nimesuka, shangazi. Pima hapo, umezidi mkeka."

Akapima, akakuta kweli, akaniacha.

Kitako nilikifanya kwa ubao wa sanduku la sabuni. Shingo niliifanya kwa spoku za baiskeli na fito za mwavuli uliokufa, nimezifunga kwa waya mwembamba, msalaba juu ya msalaba, kama nilivyoiona ile ya kivukoni. Kamba ilikuwa mshipi wa kuvulia. Ndoana niliipinda kwa msumari. Mota moja ya kupandisha na kushusha, mota ya pili ya kugeuza shingo kulia na kushoto, na zote nikazifungia gurudumu dogo kwa kubwa, kubwa kwa kubwa zaidi, kama baba alivyonionyesha. Swichi nilizikata kwenye kopo la maziwa ya unga: vipande vinne vya bati juu ya kibao, ukibonyeza hiki inapanda, hiki inashuka, hiki kulia, hiki kushoto. Leo wanaita rimoti. Yangu ilikuwa na waya mrefu, kwa sababu ndani hamkuwa na nafasi ya winchi kuzunguka, tena nilitaka isimame uani, kwenye jua, mahali ambapo mimi siruhusiwi. Waya ukapita kwenye fito za dirisha. Mimi kiza, winchi mwangani.

Sijui kama nitawahi kuwaeleza ladha ya siku ile ya kwanza. Bi Tatu aliiweka nje, akaenda zake jikoni. Nikabonyeza. Ikapandisha kijiti cha kiberiti. Nikageuza, ikakipeleka kwa mbuzi. Mbuzi akakila. Nikacheka peke yangu mpaka Bi Tatu akarudi mbio akidhani nimepandwa na pepo.

Mfaume akasikia. Mwanamume haingii kwa mwali, lakini baba anaweza kuongea naye kutoka nje ya mlango. Akaja akasimama. Nilikuwa naviona vidole vyake vya miguu chini ya mlango, kucha zimepinda kama pembe.

"Mwanangu, hiki kitu umekitengeneza wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Kweli damu ya kaka haijapotea. Sasa sikia. Kimalize vizuri. Siku kikinyanyua tofali, siku hiyo ndiyo nitakutoa ndani."

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia. Mtoto ukimwambia neno analishika kama lilivyo. Kuanzia siku ile mimi nilijua kinachonitoa ndani siyo shule kufunguliwa, siyo kalenda, ni tofali. Na nikafurahi! Nilijiona nimepewa ufunguo wa chumba changu mwenyewe.

Winchi ikainua kijiko. Ikainua kikombe. Ilipofika kopo la maji ikapinduka mbele, kichwa kikazama mchangani. Nikafunga jiwe kwa nyuma, kwenye kitambaa, ikatulia. Kopo likapanda. Tofali halikupanda. Mpira unateleza, mota inalia kama mbu, betri zinakufa. Betri nilizotoboa kwa msumari na kuzitia maji ya chumvi zikavuja ute mweusi, ukanishika vidole, ukanuka kama yai viza. Bi Tatu alizianika juu ya paa la jiko, jioni ananirudishia vuguvugu kama mayai ya kuku. Mchana wote nilikuwa nagombana na tofali. Usiku namwota baba ananiambia usitafute mbio.

Shule ikafunguliwa. Nilisikia watoto wanapita barabarani na mifagio na madumu, wanapigana vikumbo. Nikamwita Mfaume.

"Baba, shule."

"Tofali limepanda?"

"Bado, lakini..."

"Basi na wewe bado."

Kisha akanipitishia chini ya mlango mota mpya, kubwa kuliko zangu zote, imetoka kwenye redio ya mtu. Nikaibusu. Ndiyo, niliibusu ile mota. Nikasema moyoni hakuna mtoto mwenye baba mdogo kama wangu. Leo nikikumbuka midomo yangu juu ya chuma kile natema mate. Alikuwa ananipa kitu cha kuchezea, kama unavyomrushia mbwa mfupa apate kunyamaza.

Wiki kadhaa baadaye akaja Mwalimu Hemedi, mwalimu wetu wa darasa. Nilimjua kwa kikohozi chake. Walimkaribisha uani, kuku akachinjwa, na mimi jicho kwenye fito namwangalia anavyomnyonya kuku yule mfupa kwa mfupa, mafuta yanamtelemka hadi kwenye kiwiko, anajilamba. Moyo unanidunda kwa furaha. Mwalimu kaja kunidai! Nikasikia kwa masikio yangu.

"Mzee, wakubwa wakija kukagua nitawaambia nini? Jina lake limo."

"Andika kahama," Mfaume akasema. "Kaenda kwa mama yake Ngorongo."

"Kahama Ngorongo. Sawa. Hilo linaandikika."

"Ongeza paja hilo, mwalimu."

Nyie mmeelewa. Mimi sikuelewa. Nilielewa kwamba nitapelekwa Ngorongo kwa mama kufanyia mtihani kule, nibembelezwe na mama yangu, na mwalimu kaja kunifanyia mpango. Nikafurahi mpaka nikataka kumshukuru. Nikabonyeza swichi, winchi ikageuka taratibu, nikashusha ndoana kwenye sinia, ikakamata kijiti cha kuchokolea meno, ikampelekea mwalimu mbele ya uso wake. Wote wakapiga kelele. Mwalimu akakichukua akajichokoa meno, anacheka, nyama za kuku anazitemea mchangani.

"Huyu mtoto ana kichwa, wallahi," akasema.

"Kichwa tunacho sisi," Mfaume akamjibu.

Kajua mtoto ana kichwa, na kwa mkono uleule wa mafuta akaenda kunifuta kwenye rejista. Mwalimu Hemedi, popote ulipo, kama bado unakula, nakuombea mfupa.

Mwanamume mwingine aliyekuwa akija uani ni Mzee Kipande. Hilo ni jina la utani, watu walimpa kwa kuwa hasemi maneno mawili pamoja, anakata kipande kipande. Alikuwa na boti yake ya kubeba boriti huko Kiongoroni, kwenye mikoko, na Mfaume alikuwa amekufa kwa tamaa ya kushirikishwa kwenye boti ile. Alikuwa mzee kuliko baba yangu angekuwa. Alivuta ugoro, na alipopiga chafya uliruka mdomoni na puani ukamwangukia kifuani, rangi ya kinyesi cha kuku, naye anaupangusa kwa kiganja halafu kiganja kilekile anawapa watu mkono. Nilimwonea huruma, nikidhani ni mgonjwa. Hakuja kwa ajili yangu, ndivyo nilivyojua. Alikuja kutazama winchi. Anakaa kwenye kigoda mbele ya dirisha langu, anasema, "Kipandishe. Kishushe." Mimi napandisha, nashusha. Namchezea. Anafurahi, anapiga paja.

Sasa mnajua posa inavyokwenda kwetu. Barua ya posa inafungwa kwenye kitambaa cheupe, inapelekwa ndani kwa mwali. Haulizwi kwa maneno, ni aibu mwali kutamka. Kitambaa kinawekwa mbele yake. Akikipokea, amekubali. Akikiacha kilale pale, amekataa, na mwenye posa anakuja kukichukua kimyakimya. Hii desturi siichukii. Bibi zetu waliiweka ili msichana asiye na ruhusa ya kusema hapana apate namna ya kuisema. Nimeshuhudia mwali mmoja kijijini kwetu akikiacha kitambaa siku tatu chini, na watu wazima wakakiheshimu. Mimi pia nilikuwa na haki hiyo.

Na Mfaume alijua ningekiacha.

Asubuhi ile niliamka nikakuta wanawake wengi uani, wamejifunga kanga mpya. Bi Tatu ameninyoa, amenipaka liwa kuliko siku zote, mpaka ikaniingia jichoni.

"Kuna nini, shangazi?"

"Watu wamekuja kuangalia winchi yako."

Hakunitazama aliposema. Mlangoni vikaja vile vidole vya miguu.

"Mwanangu," Mfaume akasema, "leo mtihani wako. Tofali nimelisamehe, naona betri zinakuonea. Kuna kimzigo kidogo tu hapo nje. Kikamate, kinyanyue, kiingize dirishani mpaka mkononi kwako. Kikiingia, umemaliza. Unatoka."

"Leo leo, baba?"

"Wiki hii hii."

Niliweka jicho kwenye fito. Katikati ya uwanja kuna mkeka, juu ya mkeka kuna kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Nilikiona, wallahi nilikiona kuwa ni kitambaa. Lakini kichwani mwangu ilikuwa mzigo. Nilitazama fundo nikafikiria ndoana itaingilia wapi. Nilitazama umbali. Mzee Kipande alikuwa kwenye kigoda chake, kavaa kanzu, na hata hilo halikunistua, si alikuwa anakuja siku zote?

Betri nilikuwa nazo nne, mbili mpya. Nikabonyeza kulia. Shingo ikageuka. Nikashusha. Ndoana ikapita pembeni. Nikapandisha, nikarudi kidogo kushoto, nikashusha tena. Ikazama kwenye fundo. Jasho linachanganyika na liwa, linaniwasha machoni, sipangusi. Nikabonyeza kupandisha. Mota ikalia, mpira ukakaza, gurudumu kubwa likatambaa, na kitambaa kikaachana na mkeka. Kikapanda. Kikaning'inia kwenye jua kikizunguka polepole. Nikageuza shingo kuelekea kwangu, kidogo kidogo, kisije kikadondoka, mpaka kikafika dirishani, nikapitisha vidole kwenye fito nikakishika.

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wanaruka, wanapiga makofi, mmoja anapiga sinia. Mzee Kipande kainua mikono juu. Nami kule ndani kizani naruka peke yangu na kitambaa mkononi, nalia kwa furaha, nimewasikia wanavyoishangilia winchi yangu! Nikasema baba, umeona? Nilimwambia baba yangu, aliye kaburini, baba, nimeshika penyewe.

Bi Tatu akaingia, akafunga mlango, akakaa chini kwa kishindo.

"Hongera, mwali wangu," akasema, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekula kitu kilichooza.

"Kesho nitaanza kufua sare," nikamwambia. "Zitakuwa zimenibana."

"Sare ya nini?"

"Ya shule. Au Ngorongo wana sare nyingine?"

Akajifunika uso kwa kanga. "Fungua ulichoshika, mama. Wewe unajua kusoma, mimi sijui. Fungua."

Nikafungua. Katika nyumba nzima ile ya wanawake msomaji alikuwa mimi peke yangu, na barua ya kwanza kuandikwa kwa ajili yangu nikaisoma mwenyewe, kwa sauti, kama nilivyofundishwa darasani, kila nukta napumzika. Baada ya salamu. Mimi fulani wa Kiongoroni. Namwomba binti yenu kwa ndoa. Na kama binti mwenyewe ameridhia, basi aipokee barua hii kwa mkono wake, nami nitajua.

Nilisoma mpaka jina la chini. Halafu nikarudia juu, nikidhani nimeruka mstari.

"Ulijua, shangazi?"

"Nilijua."

"Ungeniambia nikakiacha."

"Mfaume ni kaka yangu. Nakula kwake." 

Nikauendea mlango nikaupiga kwa viganja. Vidole vya miguu vikaja, bila haraka.

"Baba, sijakubali!"

"Umepokea, mwanangu. Watu arobaini wameona."

"Sijapokea kwa mkono wangu. Imepokea winchi!"

Akacheka. Alicheka kweli, si kwa kunikomoa, alifurahishwa, kama mtu aliyesikia jibu zuri barazani.

"Haya. Winchi ya nani?"

Nikageuka kuzitazama swichi zangu.

"Nani aliyebonyeza? Mimi nilibonyeza? Mzee Kipande alibonyeza?"

 Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama kizani na swichi za bati zimenichana vidole, na swali lake lilikuwa la kweli. Hilo ndilo linalonitia kinyaa mpaka leo, kuliko ugoro, kuliko mafuta ya kuku ya mwalimu. Hawakunilazimisha. Walichukua kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kukifanya, wakakipaka uchafu wao, wakanirudishia niseme ni changu.

Nilipelekwa Kiongoroni kwa boti ya boriti, mafuriko yalipopungua. Wenzangu walifanya mtihani mimi nikiwa nabandua magome ya mkandaa huko mikokoni, kwenye tope linalofika magotini. Nilizaa watatu kule, mmoja nikamzika kule. Miaka kumi na moja. Kila aliponishika mzee yule na viganja vyake vya ugoro, na mimi nikitaka kumsukuma, kitu kilikuwa kinaniambia tulia, ulikubali mwenyewe, watu waliona. Sikuwahi kumlalamikia mtu. Mama yangu alipokuja kunitazama akaniuliza kama nililazimishwa, nikamwambia hapana. Hata nilipoondoka, nimempakata mdogo na mkubwa ananishika kanga, nilitembea kama mwizi, nikijiona mimi ndiye niliyevunja neno.

Mfaume kafa anasifiwa. Hemedi sijui. Kipande kafa zamani, samaki au watu walimzika sikuuliza. Bi Tatu yupo, haoni, na kila ninapomtembelea ananishika mkono anataka kusema kitu, nami najifanya nina haraka.

Mwaka huu nimejitolea hukumu mwenyewe, maana hakuna atakayenitolea. Nimekaa nikairudia siku ile, kidole kwa kidole, kama ninavyoikumbuka: kulia, chini, juu, kushoto kidogo, chini tena. Nimetafuta ni wapi kati ya hapo nilipomkubali Mzee Kipande. Sijapaona. Nilichokuwa nafikiria tangu mwanzo hadi mwisho ni kama fundo litahimili, na kama betri zitafika.

Mimi sikukubali posa. Nilikuwa napima mzigo.